Chokoleti Chini ya Mdomo

— Fungua mudomo, chéri. Kidogo tu.

— Siwezi, Aurélie.

— Ni tone moja, haiko yai muzima!

— Hata tone. Niliapa mbele ya shirika lote.

Aurélie akarudisha kijiko kwenye bakuli na kukunja uso. Pale jikoni, nyuma ya nyumba ya baba yake mtaani Katindo, meza nzima ilikuwa imejaa mayai, na hakuna kuku aliyehusika. Alikuwa amesonga karanga za kusaga, maziwa ya unga na sukari mpaka vikashikana, akatia kiini cha tunda la marakuja katikati, akayafinyanga kwa viganja vyake. Kilichobaki ni kuyavisha chokoleti. Watoto wa shirika walikuwa wanayangoja kwa ajili ya Jumapili ya Pasaka, na hoteli moja kando ya ziwa ilikuwa imeagiza ya kuweka mezani kwa wageni wake.

Kuhusu kile kiapo, tuseme ukweli: Cikuru alijiponza mwenyewe. Jumatano ya Majivu, kwenye kikao cha shirika lao la kikristo, kila mtu alitaja atakachojinyima mpaka Pasaka. Mmoja akasema bia. Mwingine akasema kusengenya, watu wakakohoa. Cikuru Namegabe, karani wa agence ya transit, ofisi ya kupitisha mizigo mpakani, mwanaume anayekunywa chai tamu mpaka nyuki wanamjua kwa jina, akasimama na kutangaza: sukari! Alipigiwa makofi marefu. Hakuna aliyemkumbusha kwamba mchumba wake anatengeneza pipi.

— Bon, haina shida, alisema Aurélie huku akifunika bakuli. Valentin ataonja. Anakuja saa tisa.

— Valentin tena?

— Sasa ni nani mwingine? Ye njo ananiletea chocolat kutoka Beni. Ye njo alinifundisha. Unataka nionjeshe jirani?

— Mama yako haiko na mudomo?

— Mama anasema yote ni tamu. Hata ile iliungua alisema ni tamu.

— Na juu ya nini lazima akuje ku nyumba? Umutumie mutu wa pikipiki amupelekee!

— Cikuru.

— Nini?

— Usianze.

Cikuru hakuanza. Akaaga, akaenda zake. Jumatatu ya Pasaka ilikuwa karibu, na siku hiyo wazee wa kwao wangekuja na mahari kwa mzee Munguakonkwa, baba yake Aurélie. Mbuzi walikuwa wameshanunuliwa. Akajiambia avumilie tu. Lakini wivu ni kidonda, ukiushiriki utakonda, na Cikuru alikuwa ameshatoboa tundu jipya kwenye mkanda wake.

Huyo Valentin mwenyewe alikuwa mtu wa Butembo, mfanyabiashara mwenye ghala dogo kule Mabanga. Mrefu, mtaratibu, na kicheko chake kinatoka chini kabisa tumboni. Zamani alifanya kazi kwenye karakana ya chokoleti upande wa Beni, akaijua chokoleti kama mama anavyojua homa ya mwanawe. Kama angekuwa na kasoro moja tu, hata meno mabaya, Cikuru angelala usingizi.

Kesho yake, Alhamisi Kuu, Cikuru alikuwa ofisini na mafaili ya malori yamemzunguka. Simu ikalia kidogo. Ujumbe, kutoka kwa mdogo wake Exaucée, ambaye kaka mkubwa humwita Yaya:

"Yaya, umeona statut ya Aurélie? Ona upesi, mbele aifute."

Akafungua. Video fupi aliyowabandikia marafiki zake wote wa simu. Uma unainua yai kutoka kwenye bakuli la chokoleti, yai linang'aa, chokoleti inachuruzika taratibu. Kisha sauti ya mwanaume asiyeonekana:

"Iii! Hii sasa iko na roho! Ongeza kidogo."

Na Aurélie anacheka.

Cikuru aliitazama mara ya pili, ya tatu, mpaka dereva aliyekuwa anangoja karatasi zake akapiga meza. Aongeze nini? Na kile kicheko! Alikuwa anavijua vicheko vya Aurélie vyote: cha heshima, cha kuchoka, cha kumficha mtu aibu. Hiki kilikuwa kile cha kichwa kurudi nyuma, na siku zote alidhani hicho ni chake peke yake.

Akapiga simu. Haikupokelewa. Akaandika:

"Uko na nani?"

Akaandika tena:

"Aurélie, jibu."

Ikaja sauti fupi iliyorekodiwa:

"Chéri, mikono yote iko mu chocolat, nitakuita kisha."

Na nyuma ya sauti yake, ile sauti nyingine, ya chini, imejaa haraka: "Aurélie, harakisha, itapoa!"

Cikuru akampigia dada yake.

— Exaucée, we unafikiri nini?

— Mi? Yaya, mi sijasema kitu. Nilikutumia tu statut.

— Sema!

— Nafikiri mwanaume hawezi kufurahi vile juu ya yai tu. Lakini mi sijasema kitu.

Hivyo ndivyo Exaucée asivyosema kitu. Kaka yake akamwendea mkubwa wa kazi, akamwambia jino linamuuma. Mtu ambaye hajagusa sukari tangu Majivu, jino linamuuma! Mkubwa akamruhusu aende, huenda kwa sababu uso ule kweli ulikuwa wa mtu mwenye maumivu.

Mvua ilimkuta juu ya pikipiki, mvua ile ya Goma isiyotoa taarifa, na alipofika Katindo koti lake lilikuwa limelowa mpaka bitana. Alipitia nyuma moja kwa moja. Dirisha la jikoni lilikuwa wazi ili moshi wa mbabula, jiko la makaa, utoke. Akachungulia.

Aurélie alikuwa amesimama mbele ya Valentin, karibu sana, ameinua uso. Mkononi alikuwa na kijiko. Taratibu, kwa ncha ya kijiko, akampaka Valentin chokoleti chini ya mdomo, hapo penye ngozi laini juu ya kidevu. Valentin akafumba macho.

— Unaskia? aliuliza Aurélie kwa sauti ndogo.

— Ngoja... ngoja kidogo... njo inakuja.

Cikuru hakungoja ije. Mlango aliupiga teke.

— Na mi nikae wapi? Nilete kiti niwaangalie?

— Cikuru! Mungu wangu! Toka hapo, uko na maji!

— Maji njo unaona? Mi naona mambo, we unaona maji?

— Rudi nyuma! Usikaribie ile bakuli!

— Huyu mutu anafumba macho mu jikoni ya bibi yangu, na mi nirudi nyuma?

Na kwa kusema "huyu mutu" akanyoosha mkono kumwonyesha Valentin, mkono ukapita juu ya meza, na ule mkono wa koti uliojaa mvua ukamwaga maji yake yote ndani ya bakuli.

Chokoleti iliyokuwa laini kama mafuta ilishikana palepale. Ikawa madonge-madonge, kama mchanga uliolowa. Aurélie akakoroga mara moja, akakoroga tena. Kijiko kikasimama chenyewe.

— Imekufa, alisema Valentin.

— We nyamaza! Mwizi wa bibi za watu!

— Bwana Cikuru, chocolat haipendi maji. Hata tone...

— Nimesema nyamaza! Mulafi! Mutu wa kulamba vijiko vya wengine!

Aurélie hakupiga kelele. Heri angepiga.

— Ile ilikuwa yote, alisema. Chocolat yote ya mayai.

— Mi nasema juu ya huyu mutu, we unasema juu ya chocolat!

— Ndiyo, niko nasema juu ya chocolat, juu ni kazi yangu! Hatuna thermomètre, Cikuru. Chocolat tunaipima hapa, chini ya mudomo, pahali ngozi inaskia haraka. Ikiwa na moto sana, yai inatoka na madoa nyeupe. Ikipoa kidogo kuliko ngozi, njo imefika. Mi najipima, kisha Valentin anahakikisha, juu mi bado najifunza. Ile njo uliona. Hakuna ingine.

— Na kufumba macho? Ni kazi pia?

Valentin akajifuta kidevu kwa leso, akachukua kofia yake, akatoka bila kujibu. Kutojibu kule kulimchoma Cikuru kuliko tusi.

— Umeona? Hata hajakataa!

— Nenda, Cikuru.

— Aurélie...

— Nenda ku nyumba yenu. Na lundi ya Pasaka usilete watu wako.

— Unasema nini? Wazee walishaitwa! Mbuzi imefungwa mu parcelle yetu!

— Uwaite tena, uwaambie wabaki.

Aligeuka, akaanza kuyafunika mayai uchi yale kwa kitambaa safi, moja moja. Cikuru akatoka mlangoni, maji bado yakimchuruzika.

Asubuhi ya Ijumaa Kuu simu ilimwamsha. Alikuwa mzee Munguakonkwa.

— Mutoto wangu, iko nini kati yenu? Aurélie hajakula tangu jana.

— Papa, munisamehe. Ni mi nilikosea.

— Ulimupiga?

— Hapana, papa! Kamwe! Nilimwanga maji mu chocolat.

— Maji tu?

— Na wivu, papa.

— Aa. Sasa naskia. Cikuru, mi niko nakupenda, na mbuzi zako nilizipenda pia. Lakini sitamulazimisha mutoto wangu. Akibaki kusema hapana, utazirudisha pahali ulizitoa.

— Papa, nifanye nini?

— Maji ni we uliyamwanga, mutoto wangu. Mi niko mu chumba yangu, nimelala.

Cikuru alishinda na simu mkononi. Aliandika "Nisamehe" na kufuta, akaandika "Nakupenda" na kufuta. Aliwaza mayai yale yaliyofunikwa, na watoto watakaofika Jumapili na mikono wazi. Basi baada ya Njia ya Msalaba akashika barabara ya Mabanga. Chokoleti mjini ilikuwa kwa mtu mmoja tu, na mtu huyo ndiye aliyekuwa anamwona hata akifumba macho.

Valentin alikuwa ameketi mbele ya ghala lake, milango nusu wazi.

— Karibu. Leo umekuja mukavu.

— Bwana Valentin, jana nilikutukana.

— Ndiyo.

— Naomba samahani.

— Nimeskia. Na nini tena? Mutu hawezi kutoka Katindo mpaka hapa Ijumaa Kuu juu ya samahani peke yake.

— Nahitaji chocolat. Mayai ya Aurélie itabaki vile, na ni kosa langu.

— Iko pande moja imebaki. Nilimutunzia mutu, lakini naweza kumungojesha.

— Aksanti. Aksanti sana. Na...

Cikuru akasita. Valentin akamalizia badala yake.

— Na unataka kuniuliza. Naona swali iko imekukaba mu shingo. Sikia, sitakudanganya. Kati yangu na Aurélie kuna kitu kilipita. Mwezi wa kumi na moja.

Cikuru akasogea karibu.

— Kitu gani?

— Ngoja. Jana ulinitukana mbele yake na nikameza. Leo nitakusaidia mara moja, haiko mara mbili. Ao uende na chocolat, ao ukae hapa nikuambie kilichopita, yote, bila kuficha. Chagua.

— Juu ya nini usinipatie yote mbili?

— Juu nataka kuona ulikuja hapa juu ya nani.

Ndugu msomaji, hapo ungekuwa wewe, ungechagua nini? Cikuru alitaka kujua. Alitaka kujua kuliko alivyowahi kutaka kitu chochote, kuliko sukari, kuliko usingizi. Mwezi wa kumi na moja! Picha zilimjia, moja mbaya kuliko nyingine, na dawa yake ilikuwa imeketi pale mbele yake, tayari kusema. Akafungua mdomo aulize. Akamwona Aurélie anakoroga bakuli, kijiko kimesimama.

— Nipe chocolat, alisema, na sauti ilimtoka kama ya mtu anayeng'olewa jino.

Jumamosi asubuhi alibisha mlangoni Katindo. Aurélie akafungua, macho yamevimba. Akaona kifurushi.

— Ni nini?

— Chocolat.

— Uliitoa wapi?

— Mabanga.

— Kwa Valentin? We?

— Mi.

— Ulimupiga?

— Juu ya nini kila mutu ananiuliza kama nilipiga mutu? Sijapiga mutu!

Kidogo kona ya mdomo wake icheke, akaizuia.

— Ingia. Unawe mikono, kisha uikaushe. Uikaushe vizuri, Cikuru.

Alikausha mpaka ngozi ikawaka. Ile chokoleti iliyokufa Aurélie alikuwa ameikorogea maziwa ya moto, ikawa uji mzito wa kupaka mkate, lakini yai huwezi kulivisha uji. Wakaikata ile mpya kwa kisu, wakaweka sehemu kubwa bakulini juu ya sufuria ya maji moto, Cikuru akikaa mbali na maji kama paka. Hawakuzungumza ila "shika hapa" na "koroga pole pole". Ilipoyeyuka, Aurélie akaipua, akaongeza vipande vilivyobaki ili ipoe, kisha akajipaka chini ya mdomo na kungoja.

— Naona imefika. Lakini naogopa. Tukikosea, hakuna ingine. Kuja hapa.

— Mi?

— Haiko kula, kiapo chako iko salama. Simama.

Akampaka. Na hapo ndipo Cikuru alipojua kwamba macho hujifumba yenyewe. Harufu ilimpanda puani, karanga, moshi, chokoleti, na mkono wa Aurélie ukiwa karibu na shavu lake kwa mara ya kwanza tangu Alhamisi.

— Unaskia nini?

— Naskia we.

— Cikuru! Iko moto ao iko baridi?

— Sijui.

— Jaribu.

— Aurélie, nasema kweli, sijui. Mi naskia moto mwili muzima. Mudomo wangu hauna akili hiyo.

Aurélie akalitazama bakuli, akatazama mlango. Hakusema jina. Alikuwa amejikataza kulisema, na Cikuru aliliona jina lile limesimama palepale kati yao. Akajifuta kidevu, akatoa simu, akaweka sauti wazi.

— Allô?

— Bwana Valentin, ni Cikuru. Chocolat iko tayari, lakini hatujui kama imefika. Kuja utupimie.

— Aurélie njo amekutuma?

— Hapana. Ni mi nakuita.

— We njo unaniita nikuje nipakwe chocolat ku mudomo na fiancée yako?

— Ndiyo. Na uharakishe, itapoa!

Valentin alifika kwa pikipiki, kofia mkononi, wakati Cikuru anapasha sufuria kidogo kidogo kama alivyoambiwa ili chokoleti isigande. Aurélie akachota kwa kijiko. Cikuru angeweza kutoka nje. Hakutoka. Alisimama palepale, hatua moja tu kutoka kwao, akaona kila kitu, na wivu ukampanda kama kawaida yake, naye akaunyamazia.

— Bado kidogo, alisema Valentin. Koroga... koroga... Sasa! Sasa, Aurélie, tia mayai!

Watatu wakafanya kazi mpaka sinia zikajaa. Mayai yalikauka yakiwa meusi, yanang'aa, bila doa. Valentin alikula moja, akatikisa kichwa kwa kuridhika, akavaa kofia. Mlangoni akamgeukia Aurélie.

— Jana nilimuchaguza. Nimupe chocolat, ao nimuambie ile ya mwezi wa kumi na moja. Alichagua chocolat.

Akaondoka. Aurélie akabaki ameshika uma.

— Hujaniuliza.

— Hapana.

— Hutaki kujua?

— Nataka kujua mpaka tumbo inaniuma.

— Juu ya nini huulizi?

— Juu nikiuliza utasema Cikuru ni ule ule.

Aurélie akavuta kiti, akakaa.

— Valentin aliniomba anioe. Alijua niko nawe, lakini aliniomba, kwa heshima. Ujue kwamba sikumukatalia siku ile. Nilimuambia aniache nifikiri.

Cikuru akashika ukingo wa meza.

— Ufikiri? Ulitaka kufikiri?

— Unakumbuka matanga ya shangazi yangu, Bukavu? Maiti iko mu nyumba, mi nalia, na we unaniita kwa vidéo. Unasema: geuza simu, nione nani amekaa kando yako. Mbele ya wamama wote. Niligeuza simu, Cikuru. Niligeuza, nikakuonyesha wamama wanalia. Niliporudi Goma, Valentin akaniomba. Ndiyo, nilifikiri. Kisha nikamukatalia, juu nilikuwa bado nakupenda we. Na jeudi ukaingia hapa na teke.

Hakuna tusi lililowahi kumwingia Cikuru kama neno lile "niligeuza". Alilia, na hakujificha.

— Nisamehe.

— Nimeskia.

— Na lundi?

— Lete watu wako. Lakini sikuahidi kitu. Papa ataniuliza mbele ya wote, na jibu nitatoa pale.

— Nilete wazee na mbuzi bila kujua utasema nini?

— Ndiyo. Vile vile.

Jumapili watoto walikula mayai mpaka mashavu yakawa meusi, na wageni wa hoteli wakaomba mengine. Kiapo cha Cikuru kilikuwa kimekwisha usiku wa Mkesha, lakini hata chai yake ya sukari aliiacha ikapoa.

Jumatatu wakaja. Mbuzi, vitenge, kreti za vinywaji, na mjomba wake Cikuru, mzee Cirimwami, msemaji wa familia, amevaa koti lililokaa sandukuni muda mrefu. Hotuba zikasemwa, zikajibiwa. Kisha mzee Munguakonkwa akamwita binti yake asimame katikati.

— Aurélie, mutoto wangu, hawa watu wameleta vitu. Tupokee, ao tuwarudishie?

Siku kama hizi msichana hujibu haraka, macho chini, watu wapige vigelegele. Aurélie aliinua macho.

— Papa, mbele nijibu, niko na swali kwa Cikuru.

Minong'ono ikapita. Shangazi mmoja akasahau kufunga mdomo.

— Uliza, alisema mzee.

— Cikuru, kazi yangu ya chocolat nitaendelea nayo. Na Valentin ataendelea kuja. Siku utakuta niko nacheka naye, utafanya nini?

Mzee Cirimwami akamwinamia mpwa wake na kumnong'oneza kwa nguvu, mpaka safu ya nyuma ikasikia:

— Sema utafurahi! Sema utafurahi sana!

Cikuru akasimama.

— Nitakuwa na wivu.

Watu wakacheka. Mzee Cirimwami akajifunika uso kwa kofia.

— Siwezi kudanganya wazee. Nitakuwa nao kesho, na mwaka kesho, na nafikiri hata siku nitabaki bila meno. Lakini ni wivu wangu. Nitaubeba mi mwenyewe. Aurélie sitamubebesha tena, na sitamuambia tena ageuze simu.

Wengi hawakuelewa habari ya simu. Mmoja alielewa. Mzee Munguakonkwa akangoja, kisha akauliza tena:

— Aurélie? Tupokee?

Alimtazama Cikuru kwa muda mrefu kiasi kwamba mbuzi wakaanza kulia nje.

— Papa, mupokee, alisema. Mwanaume wa kusema kweli wakati mjomba wake anamufundisha uongo, sijaona mwingine.

Vigelegele vikapasua paa. Cikuru akajifuta viganja kwenye koti mpaka vikakauka vizuri, kisha akaenda kumshika mkono.